Watoto Wote Wana Joto la 36.5

Saa kumi na moja jioni ofisini kwetu kila mtu anajifanya ana kazi, kumbe anavizia foleni ya barabarani ipungue. Mwenzetu wa takwimu akageuza kompyuta yake tuione.

"Hebu njooni mnisaidie. Mimi hiki kitu sikielewi."

Ilikuwa grafu ya joto la mwili la watoto wa chini ya miaka mitano, waliotibiwa kwenye zahanati zinazotumia programu yetu ya kuandikia taarifa za wagonjwa. Tulitegemea kuona kilima: wengi kwenye 36 na 37, kisha mteremko mrefu kuelekea 39 na 40 kwa wenye homa. Badala yake kulikuwa na nguzo moja ndefu, imesimama peke yake kama mnara wa simu katikati ya shamba la mkonge.

36.5.

Watoto hao wameletwa wanakohoa, wanaharisha, wengine mama zao wanasema usiku kucha mtoto alikuwa anachemka. Na karibu wote wana 36.5.

Sisi watu wa programu tuna ugonjwa wetu. Tukiona kitu cha ajabu, tunadhani kimo ndani ya programu. Mmoja akaanza kupekua kama kisanduku cha joto kinajijaza chenyewe. Hakijijazi. Mwingine akasema labda kishikwambi kinashikilia jibu la mgonjwa aliyetangulia. Tukaangalia, hakishikilii. Daktari tuliye naye kwenye timu, mtu asiye na maneno mengi, akapita na kikombe chake cha chai, akatupia jicho kwenye kioo.

"Betri," akasema, akaenda zake.

Nimekaa na jibu hilo wiki nyingi sasa. Kila nikidhani limeisha, linazaa swali jingine, ndiyo maana naandika.

Nyota nyekundu

Aliyewahi kujaza fomu kwenye kompyuta anaijua nyota nyekundu. Kisanduku chenye nyota hakirukwi. Usipokijaza, kitufe cha "Endelea" kinabaki kijivu na hakibonyezeki hata ukikikandamiza kwa kidole gumba.

Nilipojiunga na mradi nilikuta fomu imeshapitishwa. Nilisoma kumbukumbu za vikao, na nyota ya joto haikuwekwa kwa uzembe. Watu wa afya walisema mtoto mgonjwa kuondoka zahanati bila kupimwa joto ni aibu. Watu wa takwimu walisema nafasi zilizoachwa wazi zinawaharibia uchambuzi. Watu wa programu wakasema hilo ni jambo la dakika moja, wakaweka nyota.

Kila mmoja alikuwa sahihi kwa taaluma yake.

Hakuna aliyeuliza kipimajoto kiko wapi.

Mimi na daktari tukaenda kuona. Ni zahanati moja ya barabara ya vumbi, wilaya sitaitaja, na mkiendelea kusoma mtajua kwa nini. Tulifika siku ya kliniki. Benchi la nje limejaa, waliokosa nafasi wamekaa kwenye kanga chini ya mwembe. Ndani kuna muuguzi mmoja, mama wa makamo, ambaye kila mtu anamwita Sista, akiwemo mganga mfawidhi ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwa mtoto aliyekuwa mbele yake.

Nilichokiona hapo sikuwahi kukiona kwenye mchoro wowote wa mfumo.

Alimfunua mtoto shingo, akaweka mgongo wa vidole nyuma ya sikio. Akaviondoa, akaviweka shingoni kwa mama. Akarudi tena kwa mtoto. Baadaye aliniambia sababu: watoto wanabebwa mgongoni juani, kwa hiyo paji la uso linadanganya. Lakini mama na mtoto wamepigwa na jua lile lile, hivyo anachotafuta ni tofauti kati yao. Yote hayo hayakuchukua hata muda wa kuvuta pumzi mbili.

Kisha akachukua kishikwambi, akaandika 36.5, akabonyeza Endelea.

Kipimajoto kilikuwa kwenye droo, ndani ya boksi lake, kisafi, kimekufa. Betri yake ni ile ndogo ya mviringo ya saa ya mkononi, na duka la kijijini pale linauza betri za tochi na redio tu.

"Sista, kwa nini 36.5?"

"Kwa sababu hana homa, mwanangu."

"Na mwenye homa?"

"Namwandikia 38.5. Akiwa anaungua hasa, 39.5. Sasa nikiacha wazi, hiki kidude chenu kitanipeleka mbele?"

Tuliporudi ofisini tukaifungua upya ile grafu, safari hii tukaifunika nguzo kubwa. Huku chini, fupi sana kiasi kwamba hatukuziona mara ya kwanza, zilikuwepo nguzo mbili nyingine. Moja kwenye 38.5, nyingine kwenye 39.5.

Uongo uko kwenye nukta

Maofisini tuna msemo: takwimu za kupika. Nilikuwa tayari kuutumia. Nilipomwona Sista akifanya kazi, ulinikwama kooni.

Hakuwa anapika. Alikuwa na vipimo vitatu mkononi mwake, hana homa, ana homa, anaungua, na programu ikamlazimisha avitafsiri kwa tarakimu zenye nukta. Akatafsiri, tena kwa uaminifu, maana alitumia tarakimu zile zile kila siku kwa maana zile zile. Ukizisoma kama maneno, takwimu zake ni safi. Ukizisoma kama nyuzi za joto, ni upuuzi. Uongo wote uko kwenye ile nukta, na nukta tuliiweka sisi.

Daktari ndiye aliyenionyesha kilichoniuma zaidi. Akatoa kabatini kile kitabu cha michoro cha IMCI, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kuhudumia watoto wagonjwa, ambao wahudumu wa zahanati wamefundishwa kwa miaka mingi. Akafungua ukurasa wa homa. Mtoto ana homa kwa njia yoyote kati ya tatu: mama akisema alikuwa nayo, mtoto akiguswa akawa na moto, au kipimajoto kikisoma 37.5 na kuendelea.

Yoyote kati ya tatu.

Walioandika mwongozo huo walijua zahanati zilivyo. Walijua kipimajoto huvunjika, hupotea, hukosa betri. Wakaacha nafasi ya mkono wa mhudumu na nafasi ya mdomo wa mama. Karatasi ilikuwa na njia tatu. Ilipoingia kwenye kishikwambi ikabaki moja, kwa sababu tarakimu ni rahisi kuipangia kanuni na mkono si rahisi. Wala wataalamu wa afya waliokaa kwenye vikao hawakuliona hilo, kwa kuwa kwenye kioo cha semina fomu ilipendeza.

Mkono nao una mipaka yake, nisije nikausifia kupita kiasi. Waliochunguza kugusa watoto kwa ajili ya homa wamekuta kwamba mkono ni mzuri zaidi kusema "huyu hana" kuliko kusema "huyu anayo". Lakini nusu ya uwezo ni bora kuliko kipimajoto kilichokufa.

Halafu kuna hili. Kwa kuwa programu iliamua homa kwa tarakimu peke yake, mtoto aliyechemka usiku na asubuhi akawa amepoa alipelekwa njia ya wasio na homa. Sista anajua homa ya malaria huja na kuondoka. Kwa hiyo aliwapima damu watoto hao kama kawaida, na wengine wakakutwa nayo. Mwisho wa mwezi ripoti yetu ikamwandika kuwa ni mhudumu anayefanya vipimo vya malaria "visivyohitajika".

Ripoti hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani kwake. Aliniomba nimsomee tena ile sentensi.

Kutoka Indianapolis hadi Mosoriot

Niliporudi mjini nilianza kusoma waliotutangulia, nikitafuta faraja.

Mwaka 1976 daktari mmoja wa Indianapolis, Clement McDonald, alichapisha jaribio ambalo watu wa fani hii bado wanalitaja. Kompyuta ilisoma kumbukumbu za wagonjwa na kuwatolea madaktari vikumbusho kabla hawajawaona: mgonjwa huyu dawa yake inataka kipimo fulani, huyu matokeo yake yamebadilika. Walipokuwa na vikumbusho, madaktari walichukua hatua kwa asilimia 51 ya mambo yaliyohitaji hatua. Bila vikumbusho, asilimia 22. Hitimisho lake nalipenda, maana hakuwaita wavivu wala wajinga. Alisema makosa mengi yanatokana na ukomo wa binadamu katika kushughulikia taarifa nyingi kwa pamoja. Hilo si la kukemea mtu. Ni la kumsaidia.

Kutoka Indianapolis hiyo hiyo, kupitia ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret, mbegu ilifika Mosoriot. Ni kituo cha afya cha vijijini magharibi mwa Kenya, na mwaka 2001 walianza kutumia kumbukumbu za wagonjwa za kompyuta, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa tunajifunza kutumia kipanya kwenye vibanda vya intaneti. Kazi ya huko ndiyo baadaye ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo leo iko kwenye nchi nyingi, zikiwemo zetu.

Walichokipima Mosoriot ndicho kilichoninyima usingizi. Walikaa na saa, wakaandika kila mtu anafanya nini, kabla ya kompyuta na baada yake. Ziara ya mgonjwa kituoni ilipungua muda kwa asilimia 22. Vizuri. Muda wa kungoja ulielekea kupungua pia. Vizuri. Na muda wa mgonjwa kuwa na mhudumu ulipungua kwa asilimia 58.

Niliisoma mara ya pili.

Ukiwahesabu wafanyakazi wa kituo kwa ujumla, walitumia nusu tu ya muda waliokuwa wakiutumia na wagonjwa, na muda wa kuzungumza wao kwa wao ukapungua kwa theluthi mbili. Je, huo ni ushindi? Kwenye kikao chetu ungeonyeshwa kwa rangi ya kijani: ufanisi. Inawezekana kweli ni ufanisi, kwamba muda uliokuwa ukiliwa na kutafuta faili na kuuliza maswali yale yale umeokolewa. Inawezekana pia kwamba mle ndani ya ile asilimia 58 mlikuwamo vidole vya Sista vikitoka shingoni kwa mama kwenda shingoni kwa mtoto. Saa haiwezi kukwambia ni muda upi uliopotea. Mtu wa kompyuta anaona dakika. Muuguzi anajua ni dakika ipi.

Nawaheshimu waliochapisha tarakimu hizo, maana wangeweza kutoa ile ya 22 na kunyamaza.

Na huko huko magharibi mwa Kenya kuna mfano mwingine ambao daktari wetu anaupenda kwa sababu ni wa karatasi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Kwenye kliniki mbili za VVU, moja ilipewa muhtasari wa kila mgonjwa uliochapwa na kompyuta na kuwekwa mikononi mwa tabibu, ukiwa na kikumbusho pale ambapo kipimo cha CD4, kile cha nguvu ya kinga ya mwili, kimechelewa. Nyingine haikupewa. Kwenye kliniki yenye vikumbusho vipimo vilivyochelewa viliagizwa kwa asilimia 53, kwenye nyingine 38. Na pale ambapo karatasi kweli ilichapwa, asilimia 63.

Hiyo "kweli ilichapwa" imebeba printa, wino, umeme na mtu wa kuipeleka karatasi chumbani.

"Mambo?"

Kisa ninachokipenda kuliko vyote hakina hata programu ya kujivunia.

Kati ya 2007 na 2008, watafiti wakiongozwa na Richard Lester walifanya jaribio kwenye kliniki tatu za Kenya, kwa watu 538 waliokuwa wanaanza dawa za VVU. Nusu walipata huduma ya kawaida. Wengine, kila wiki, walipokea ujumbe mfupi kutoka kwa muuguzi wa kliniki: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, sawa au shida. Aliyejibu shida alipigiwa simu. Aliyekaa kimya naye alipigiwa.

Basi.

Matokeo yalitoka mwaka 2010. Waliokuwa wakitumiwa ujumbe, asilimia 62 walisema wanameza dawa ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wengine. Na virusi vilifubazwa kwa asilimia 57 yao, ikilinganishwa na asilimia 48 ya wasiotumiwa.

Vijana wa ofisini nilipowasimulia hawakuvutiwa. "Sasa hapo teknolojia iko wapi?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba mhandisi yeyote angeweza kuutuma ule ujumbe kwa mashine kwa watu laki moja. Kilichofanya kazi ni ahadi kwamba ukisema shida, kuna mtu aliyelipwa mshahara ambaye atanyanyua simu. Ujumbe haukukumbusha hata dawa. Ondoa muuguzi, bakiza ujumbe, na unabaki na kero kama zile za bahati nasibu zinazoingia usiku.

Sisi tulikuwa tunamuuliza Sista joto la mtoto. Akijibu, hakuna aliyempigia.

Programu iliyokuja na kifaa

Halafu kuna mfano wa hapa nyumbani, na huu ndio ulionigeuza mawazo, kwani nilikuwa naelekea kuamini kwamba kishikwambi chumbani kwa tabibu ni balaa tu.

Kwenye zahanati na vituo vya afya 40 katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wakishirikiana na Waswisi walijaribu programu iitwayo ePOCT+. Inamwongoza mhudumu hatua kwa hatua kwa mtoto mgonjwa, kama kile kitabu cha michoro. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2023. Kwenye vituo vya kawaida, asilimia 70.1 ya watoto walioletwa waliandikiwa antibiotiki. Kwenye vituo vyenye programu, asilimia 23.2. Na watoto hawakuzidiwa kwa hilo: siku ya saba, ambao hawakupata nafuu au walizidiwa walikuwa asilimia 3.7 kwenye vituo vyenye programu na 3.8 kwenye vingine.

Anayejua jinsi amoksilini inavyogawiwa nchini kwetu ataelewa ukubwa wa hilo. Mama ametembea saa mbili, amekaa foleni, na wewe umrudishe na maneno matupu? Sista mwenyewe aliniambia kumnyima mama dawa kunahitaji ujasiri kuliko kumpa.

Sasa tazama kilichokuwa ndani ya ule mpango. Programu iliyouliza kiwango cha oksijeni ilikuja na kifaa cha kupima oksijeni. Ilipotaka kujua kama maambukizi yanafanana na ya bakteria, ilikuja na kipimo cha haraka cha tone la damu cha kusaidia kulijua hilo. Wahudumu waliendelea kufuatwa na kushauriwa. Kwa maneno mengine, yeyote aliyeweka swali kwenye kioo alihakikisha kuna namna ya kulijibu.

Jambo dogo kama hilo. Nimekaa kwenye semina ngapi za ushirikiano wa TEHAMA na afya, na sikumbuki slaidi iliyolisema.

Kifungu cha nani?

Daktari alirudi safarini akaandika ombi la kununua betri za vipimajoto. Ombi la nusu ukurasa.

Mradi ukajibu kwamba fedha zake ni za TEHAMA: vishikwambi, seva, vifurushi vya intaneti, mafunzo. Betri ya kipimajoto ni kifaa tiba, haina kifungu. Halmashauri ikasema kipimajoto ndicho kifaa tiba, betri ni matumizi madogo ya kituo. Kituo kikasema matumizi madogo yapite kwenye kamati ya zahanati, na kamati inakaa kila robo mwaka, mwenyekiti akiwepo.

Hapa tena, kila mmoja alikuwa sahihi.

Tunapenda kusema taaluma hizi mbili hazielewani, kwamba daktari anaongea lugha yake na mtu wa kompyuta yake. Siku hizi siamini hivyo. Mimi na daktari tulielewana ndani ya gari, kabla hatujafika lami. Pale mezani kwa Sista tiba na kompyuta zilishakutana siku nyingi, zinagombania mkono wake wa kulia. Ambazo hazijakutana ni bajeti zetu, na lawama zetu. Kishikwambi kikifa ni kosa la TEHAMA. Kipimajoto kikifa ni kosa la afya. Kishikwambi kikidai kipimajoto kilichokufa, ni kosa la aliyeshika vyote viwili.

Betri zilinunuliwa hatimaye. Daktari alizipata Kariakoo kwa pesa ya mfukoni mwake, akazituma kwa basi. Watu walimsifu kwenye kundi la WhatsApp kwa vidole gumba na mikono ya dua. Mimi nilinuna kidogo. Mfumo unaoendeshwa kwa mfuko wa mtu mwema utasimama siku mfuko ukitoboka, na bado kuna zahanati nyingi ambazo daktari hajazifikia.

Nimegusa tu

Upande wetu tulibadilisha fomu. Nyota tuliiondoa. Mahali pake tukaweka vitufe vitatu: Nimepima, Nimegusa tu, Sikupima. Juu yake swali kwa mama, kama mtoto amekuwa na homa siku hizi. Kanuni ya malaria ikafuata njia zote tatu za kile kitabu.

Mnara ukaanguka. Grafu ikapata kilima chake, kidogo lakini cha kweli, na pembeni rundo la "Nimegusa tu" kutoka zahanati ambazo droo zake zina vipimajoto vilivyokufa. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na orodha ya wapi betri zinahitajika. Mwenzetu wa takwimu alitununulia soda.

Kisha ripoti ikaenda wilayani.

Kwenye jedwali la wilaya, mtu alichora rangi. Zahanati zenye "Nimegusa tu" nyingi zikawa nyekundu. Timu ya usimamizi shirikishi ilipopita, Sista akaulizwa mbele ya wenzake kwa nini kituo chake ni chekundu. Hakuna aliyemtukana. Aliulizwa tu.

Mwezi uliofuata rangi ikawa kijani. Nikafungua grafu ya wilaya ile kwa wasiwasi, na nikakuta mnara umeota upya.

Safari hii uko kwenye 36.7.

Nilicheka peke yangu ofisini. Hawa ni watu wenye akili. Wamejua kwamba 36.5 imeshashukiwa.

Nilimpigia Sista. Baada ya kuulizana habari za nyumbani na za mvua, nikamuuliza kama betri zimeisha tena. Akasema kipimajoto chake ni kizima, cha wodi ya wazazi ndicho kimekufa, kwa hiyo wanaazimana. Siku ya foleni hakirudi. "Na mimi sitaki wekundu, baba. Nimebakiza miaka michache nistaafu. Nyie ondoeni hiyo rangi. Halafu mniwekee mahali pa kuandika mama kasema nini, maana mengi mnayoyatafuta yapo hapo."

Sasa tunabishana. Daktari anataka sababu zote za kutopima ziondolewe kabisa kwenye jedwali la wilaya, ziende kwa wanaonunua vifaa tu. Mimi nasema wanaonunua ndio hao hao wa wilaya, ukiwaficha tatizo umewaficha na hitaji. Mwenzetu wa takwimu ana wazo ambalo linanivutia zaidi ya langu: wekundu uhesabiwe kwa kipimajoto, usihesabiwe kwa zahanati, ili anayeulizwa kwenye kikao awe ni mtu wa ugavi. Ila kwenye maandishi huru ya mama amegoma, anasema hayachambuliki. Daktari anamwambia hayo ndiyo historia ya mgonjwa, na kwamba yeye kazi yake nzima ameifanya kwa maandishi ya namna hiyo.

Rangi imeondolewa kwa muda, kwa makubaliano ya simu. Mratibu wa wilaya wa MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, hana kinyongo, lakini anataka barua, na ndiyo ninayoiandika leo. Daktari anasema isainiwe na watu wa afya kwa kuwa inahusu huduma. Bosi wangu anasema isainiwe na TEHAMA kwa kuwa inahusu ripoti ya mfumo. Nimeacha nafasi ya sahihi mbili, tuone nani atatangulia.